Mwenye Mali wa Venisi: Shylock wa Don Selwyn

Nyerere alipoitafsiri The Merchant of Venice, mfanyabiashara mmoja aligeuka kuwa wengi, tena mabepari. Mabepari wa Venisi ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na siasa ya jina hilo haihitaji mfafanuzi. Zaidi ya miaka ishirini kabla yake, mwanazuoni wa Kimaori, Pei Te Hurinui Jones, alikwishaitafsiri tamthilia hiyohiyo: Te Tangata Whai Rawa o Weniti, yaani mtu mwenye mali wa Venisi. Mzee huyo hakumtukana mtu. Lakini tafsiri yake ilipata bahati ambayo naiombea ya kwetu. Ilimpata Don Selwyn.

Selwyn, aliyezaliwa 1935 mjini Taumarunui, alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwigizaji. Watazamaji wa televisheni wa New Zealand walimjua kama polisi katika Mortimer's Patch. Angeweza kuridhika na umaarufu huo. Badala yake, miaka ya 1980 aliendesha mafunzo ya filamu kwa vijana wa Kimaori na wa visiwa vya Pasifiki, wajifunze kazi za nyuma ya kamera pia, wasingoje tu kuitwa pale anapohitajika mtu wa kucheza haka.

Mwaka 2002 akatoa filamu ya tafsiri ya Jones. Waigizaji wamevaa Kizungu cha kale, majumba ni ya fahari, na kila neno ni Kimaori, lugha ambayo watoto waliwahi kuchapwa shuleni kwa kuisema. Tena ni Kimaori kizito, cha hotuba za wazee, ambacho hata wasemaji wa leo hukitolea jasho. Hapo ndipo naona ubishi wa Selwyn: hakurahisisha.

Shylock na Antonio wanaafikiana juu ya ile ratili ya nyama katikati ya michoro ya Selwyn Muru kuhusu Parihaka, kijiji ambacho wanajeshi wa serikali ya kikoloni walikivamia mwaka 1881, huku wenyeji wakiwapokea bila silaha. Hakuna mhusika anayetoa maelezo. Lakini baada ya hapo, Waihoroi Shortland anapodai haki yake kwa sauti ya Shylock, huwezi tena kumsikia kama mkopeshaji mwenye kisasi tu. Unasikia mkataba, na unajiuliza nani kwa kawaida huvunja mikataba nchini humo.

Ila filamu ni ndefu, zaidi ya saa mbili, na nyumbani kwa Portia inajisahau kwa uzuri: nguo, muziki, wachumba na makasha yao. Selwyn anaipenda mno tamthilia hii kuweza kuikata. Shylock anapokonywa mali, analazimishwa Ukristo, anaondoka. Kisha tunarudishwa kwa wapenzi na utani wao wa pete. Mimi nilikuwa bado namfuata yule mzee.