Mpagazi si Mzururaji, Wala si Mjasiriamali

Katika madarasa ya itikadi huzuka mara kwa mara mabishano juu ya ajira katika biashara ya jumla. Upande mmoja husema mashirika ya umma yalitoa kazi za kudumu na soko huria likaziua. Upande wa pili hujibu: nendeni Kariakoo mkaone vijana wanavyokula kwa jasho lao. Sisi tunadai kwamba pande zote mbili zinakosea, na kosa lao ni moja. Hazimwoni mfanyakazi.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, nyumba kubwa za biashara kama Smith Mackenzie na Dalgety zilitaifishwa, likaundwa shirika la biashara la taifa, STC. Mwaka 1973 shirika hilo lilivunjwa na mikoa ikapata kampuni zake, RTC. Shabaha ilikuwa sahihi: kumwondoa mnyonyaji aliyesimama kati ya kiwanda na duka la kijijini. Karani, mtunza ghala na dereva wakaingia katika orodha ya mishahara. Lakini bidhaa zilipoadimika mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguvu ya karani haikutoka tena katika kazi yake bali katika kibali cha mgao, na kibali chenyewe kikawa bidhaa. (Waliopanga foleni ya sabuni wakati ule hawahitaji kuelezwa.) Aliyebeba gunia nje ya ghala hilo hilo hakuwamo katika orodha yoyote. Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ilipokuja, mtu wa namna yake aliweza kuhesabiwa mzururaji na kurudishwa kijijini.

Mwaka 1984 uagizaji ulilegezwa, RTC zikadhoofika, na katika miaka ya 1990 biashara ya jumla ikawa mikononi mwa watu binafsi. Leo wanunuzi hufika Kariakoo kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro. Nyuma ya kila robota wanaloondoka nalo yupo mpagazi, yupo msukuma mkokoteni, yupo kijana wa stoo, na yupo winga aliyemleta mteja dukani akitegemea cha juu. Wengi wao hulipwa mkononi, siku kwa siku. Akiumia mgongo, siku yake imekwisha.

Mtu huyu sisi makada tumempa jina jipya la heshima: mjasiriamali. Mtaji wake uko wapi? Mzigo si wake, duka si lake, bei hapangi, hata saa ya kuondoka hapangi. Jana aliitwa mtu asiye na kazi, leo anaitwa mwenye biashara. Majina yote mawili humwondolea tajiri wajibu wa mwajiri.

Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo za jumla na rejareja. Hatuipingi. Lakini kada anayedhani kwamba amri hiyo imemaliza suala la ajira anachanganya uraia wa mwenye duka na uhusiano wa kazi ndani ya duka. Mzawa naye hulipa mkononi.

Silaha ipo, ila haifundishwi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo mwingine ndiye anayempangia kazi au saa zake, au iwapo amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Kijana anayefungua ghala lile lile saa moja asubuhi na kulifunga jioni huzifikisha saa hizo kabla wiki mbili hazijaisha. Anachokosa ni daftari lenye tarehe na saa, na chama cha wafanyakazi kitakachokwenda naye mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.