Pongezi kwa Wapiga Picha wa Mafunjoni

Wapiga picha wanaofuata ndege wadogo katika mafunjo ya Dunga, karibu na Kisumu, wanastahili pongezi za dhati. Mafunjo ya Ziwa Victoria hupita kimo cha mtu mara mbili, mabua yamesongamana, na ndege hawatulii. Mmoja wao, gonoleki wa mafunjo, ana mgongo mweusi, kifua chekundu na utosi wa dhahabu, lakini mpiga picha humsikia kwanza kabla ya kuziona rangi hizo: dume na jike huitikiana ndani kabisa. Hapo mwenye mtumbwi huacha kasia. Kamera ikiachwa ijilenge yenyewe hunasa bua la mbele, basi mpiga picha huzungusha lenzi kwa mkono, pumzi ameizuia, mtumbwi ukiyumba.

Nawasifu zaidi wasiokata mafunjo ili wapate nafasi, wala kumsumbua ndege kwa sauti za kurekodiwa. Na wapiga kasia wanaomtambua ndege kwa mlio tu, heshima yao ni ileile. Wahariri wetu, chapisheni picha hizi, na chini yake andikeni majina ya wote wawili.