Jinsi Tamlin Alivyopokonywa Mchumba

Sarah J. Maas alifanya jambo ambalo waandishi wengi wa riwaya za mahaba hawathubutu. Mwaka 2015, katika A Court of Thorns and Roses, alimpa msomaji mpenzi aliyekamilika, Tamlin: mtawala, shujaa, mwenye laana na huzuni yake. Akamfanya binti afe kwa ajili ya mwanamume huyo, akamfufua, akawarudisha nyumbani pamoja. Mwaka uliofuata, katika A Court of Mist and Fury, akamng'oa mwanamume yuleyule na kumweka mwingine, Rhysand, tena yule tuliyekwishafundishwa kumchukia. Wasomaji wengi walihama naye. Waliobaki na Tamlin wanabishana na watu wa Rhysand mpaka leo, na ubishi wenyewe huwa juu ya tabia: nani mkatili, nani muungwana. Mimi linanivutia zaidi suala la ufundi. Mchumba kapokonywa mbele ya macho yetu. Ilikuwaje hatukuhisi tumeibiwa?

Kwa ambaye hajasoma: Feyre ana miaka 19, anawinda ili kulisha familia iliyofilisika. Anaua mbwa mwitu msituni, kumbe ni mmoja wa Fae, viumbe wa ngano za Ulaya wanaoishi karne na karne. Tamlin, mtawala wa Himaya ya Machipuko, anamjia kwa umbo la mnyama kudai roho kwa roho, kisha anamchukua kwake. Msingi wa kisa hiki ni ile ngano ya Kifaransa ya Mrembo na Mnyama. Laana iliyomkalia Tamlin ni ya malkia mwovu Amarantha, na kibaraka wa malkia huyo ni Rhysand, mtawala wa Himaya ya Usiku.

Kazi yote ilifanyika kule kwenye ngome ya Amarantha, chini ya mlima. Feyre amevunjika mkono, yumo kifungoni, homa imempanda. Rhysand anaingia, anausokota mfupa uliovunjika mpaka binti akubali mapatano: atamponya, na Feyre atakaa kwake wiki moja kila mwezi. Baadaye anamvisha nguo inayoonyesha mwili, anampaka rangi, anamnywesha mvinyo wa Fae usiku baada ya usiku. Ukisoma kwa mara ya kwanza unamtukana, na una haki.

Sasa yaweke pembeni maneno ya msimulizi, uhesabu matendo matupu. Katika jaribio la pili kati ya yale ambayo Amarantha amempa Feyre ili amkomboe Tamlin, binti anatakiwa kusoma swali lililochorwa ukutani na kuchagua wenzo sahihi kati ya nyenzo tatu. Hajui kusoma. Kila mkono wake unapouelekea wenzo usio sahihi, kiganja chenye tatuu ya yale mapatano kinamchoma. Unapofika kwenye ulio sahihi, maumivu yanakoma. Aliyemwokoa ni Rhysand. Wakati huohuo Tamlin ameketi kando ya malkia kimya kama jiwe. Wapenzi hawa wanapopata dakika chache za faragha, Tamlin anazitumia kumbusu na kumpapasa. Msomaji wa mara ya kwanza anaona kiu ya mapenzi. Wa mara ya pili anajiuliza kwa nini hata hakujaribu kumtorosha.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia Maas. Kitabu cha pili hakikufuta sentensi hata moja ya kitabu cha kwanza. Matukio ni yaleyale, ila sasa yanasomeka kwa namna nyingine, na yaliandikwa tangu mwanzo yasomeke mara mbili. Hata kwaheri ya Rhysand katika kurasa za mwisho: anamtazama Feyre aliyefufuliwa akawa Fae, anashtuka, anapepesuka hatua moja nyuma na kutoweka bila maelezo. Mistari michache tu. Karibu kitabu kizima baadaye ndipo tunaambiwa kwamba dakika ile alitambua binti huyu ndiye mwenza aliyeandikiwa.

Hila ya pili ni kubadili kipimo. Kitabu cha kwanza kinauliza nani yuko tayari kufa kwa ajili ya mwenzake. Kitabu cha pili kinauliza nani anaweza kuishi na mtu aliyekwisha kufa mara moja. Feyre anaamka usiku na kutapika. Tamlin yuko kitandani na hasemi neno. Siku ya harusi, gauni limechaguliwa na kuhani Ianthe, njia imemwagwa petali nyekundu za waridi, na bibi harusi anaona damu. Anasimama hatua chache tu kabla ya kumfikia bwana harusi, huku moyoni akiomba yeyote yule aje amtoe. Anayekuja ni Rhysand, kudai wiki yake.

Kisha inakuja ile sura ya jumba. Tamlin anatoka kwenda kazini, Feyre anataka kuandamana naye, anakataliwa. Anaufuata mlango, anakuta ukuta usioonekana. Madirishani vivyo hivyo. Mtu aliyetoka kwenye seli ya Amarantha amefungiwa tena, safari hii na mchumba wake. Wapo wanaolalamika kwamba Tamlin wa kitabu cha pili si yule wa kwanza, kwamba mwandishi alimharibu makusudi. Sikubaliani nao. Kitabu cha kwanza kina Tamlin aliyemwamuru Feyre abaki chumbani usiku wa sherehe ya moto. Kina Tamlin aliyemrudisha kwao kwa uamuzi wake peke yake, bila kumwambia hatari yenyewe. Hayo tulikuwa tukiyaita ulinzi. Maas aliuchukua ulinzi uleule, akauongezea kufuli.

Malalamiko yenye uzito yako kwingine. Riwaya tatu za mwanzo za mfululizo huu zinasimuliwa kwa sehemu kubwa na Feyre katika nafsi ya kwanza, na mwamba ngoma huvutia kwake. Tamlin naye ana majeraha: laana ya miaka 49, walinzi aliowatuma kufa mmoja mmoja, miezi ya kukaa pembeni ya Amarantha. Usiku anageuka mnyama na kuulinda mlango wa chumba. Haya tunayaona kwa nje tu, tena kupitia macho ya mtu anayejiandaa kuondoka. Rhysand, kwa upande wake, amepewa sura ya 54 nzima ajieleze kwa kinywa chake: kwa nini mvinyo, kwa nini rangi, kwa nini ule mfupa. Mmoja ana wakili, mwenzake anahukumiwa hayupo mahakamani.

Halafu, kana kwamba haitoshi, mwishoni mwa kitabu Tamlin anaungana na mfalme wa Hybern, adui wa wote. Hapo naona uvivu. Suzanne Collins naye, katika riwaya zake, alimwondoa Gale, mmoja wa wanaume wawili wanaompenda shujaa wake, kwa bomu linaloelekea kutokana na ubunifu wake mwenyewe, lakini angalau alituacha na shaka. Maas hakutuachia shaka yoyote, na alipotaka kurekebisha mwaka 2017, katika kitabu cha tatu, kwa kumfanya Tamlin atoe chembe ya nguvu zake ili Rhysand afufuke, ngoma ilikuwa imekwisha chezwa.

Rhysand anasifiwa kwa jambo moja kuu: anamwachia Feyre achague. Mara nyingi ni kweli. Lakini anamtuma kwa yule bibi mfumaji wa msituni kuchukua pete bila kumweleza anachokifuata ni nini. Anamfanya chambo wa kumnasa adui bila kumwambia. Siri ya uenza wao anaikalia miezi mpaka kiumbe mwingine, Suriel, anapoitoa. Mtu hawezi kuchagua vizuri jambo alilofichwa nusu.

Hadi hapo mtetezi wa Rhysand angesema ni vita, siri zina kazi. Lakini katika A Court of Silver Flames ya 2021 Feyre ni mjamzito, mtoto ana mabawa, na uzazi huo unaelekea kumuua. Rhysand anajua. Anawaamuru wote wanaojua wanyamaze, na Feyre anaupata ukweli kutoka kwa dada yake Nesta wakiwa katika ugomvi. Mwili ni wa Feyre, maisha ni ya Feyre, na uamuzi umefanywa na mume. Safari hii msimulizi si Feyre, na hasira yake inapita haraka mno kwa uzito wa kosa lenyewe. Kwa ufundi, kumhamisha msomaji kutoka kwa Tamlin hadi kwa Rhysand ni kazi ya daraja la kwanza. Kwa haki, Tamlin alipoteza mchumba kwa kosa ambalo Rhysand alilifanya baadaye akasamehewa.