Kilio cha Mtambo

Filamu ya Blade Runner, aliyoiongoza Ridley Scott, ilipotolewa mwaka 1982 haikupata watazamaji wengi. Wapenzi wachache ndio walioitunza hata ikaheshimiwa, na mwaka 1997 ikazaa mchezo wa kompyuta. Wapenzi hao husifu mno picha zake. Mimi naona sifa kubwa yastahili muziki wa Vangelis, Mgiriki. Hadithi yauliza: je, kiumbe kilichoundwa na wanadamu chaweza kuwa na utu? Kabla wasemaji hawajajibu, kinanda cha umeme kimekwisha kuomboleza. Chombo kisicho na roho chatutoa machozi kwa ajili ya viumbe wadhaniwao hawana roho. Basi audhaniaye muziki huo kuwa pambo tu, amelikosa jibu lenyewe.