Kifurushi cha Fundi Bolden

Karibu na mwisho wa filamu October Sky kuna kifurushi kinachotumwa kutoka mji mdogo wa machimbo ya makaa ya mawe kwenda Indianapolis. Homer Hickam, mtoto wa msimamizi wa mgodi wa Coalwood, West Virginia, amefika kwenye mashindano ya kitaifa ya sayansi. Usiku wezi wanaiba nozeli ya roketi aliyokuwa akiionyesha mezani kwake, kile kimdomo cha chuma ambacho moto hupitia kwa kasi. Anapiga simu nyumbani. Mgodini kuna mgomo, karakana haifanyi kazi. Mama anambana baba, anatishia hata kuondoka, mpaka baba analegeza msimamo. Karakana inafunguliwa, na fundi aitwaye Leon Bolden anachonga nozeli nyingine. Homer anaipata kwa wakati. Anashinda.

Nimeitazama filamu hiyo mara nne, na kila nikifika hapo najiuliza swali lilelile: fundi Bolden alilala saa ngapi?

October Sky ilitoka mwaka 1999, ikaongozwa na Joe Johnston. Msingi wake ni Rocket Boys, kitabu cha kumbukumbu alichokitoa Hickam mwenyewe mwaka 1998. Ukizichukua herufi za jina la kitabu ukazipanga upya, unapata jina la filamu, bila kubaki hata moja. Basi hata jina lake limeundwa kwa vipande vya kitu kingine, na hilo linaifaa hadithi yenyewe. Oktoba 1957 Warusi wanarusha Sputnik. Vijana wanne wa Coalwood wanaitazama ikipita angani, wanaamua nao watengeneze roketi. Fedha hawana. Wanaokota mabomba, wanang'oa reli za njia ya treni iliyoachwa ili wauze chuma, wanabisha hodi kwenye karakana ya mgodi.

Niseme kwanza kile ambacho filamu hii inakifanya vizuri kuliko nyingine za aina yake. Inaheshimu kushindwa. Roketi ya kwanza inalipua uzio wa mama. Nyingine zinageuka njiani, zinawafukuza watazamaji, zinapasuka. Na kila moja inashindwa kwa sababu inayoweza kutajwa: mahali palipochomelewa pameachia, au chuma kimeyeyuka kwa joto, kwa hiyo kinatakiwa chuma kigumu zaidi. Filamu inajua kwamba roketi hairuki kwa moyo wa kutaka. Kijana anarudi mezani, anasoma hesabu, kisha anarudi karakanani.

Tatizo langu liko kwenye karakana hiyo. Fundi wa kwanza kumsaidia Homer ni Ike Bykovsky. Anamfungulia mlango, anamwazima vifaa. Baadaye anahamia chini mgodini, ambako mshahara ni mkubwa zaidi, na anafia huko katika ajali. Fundi wa pili ni Bolden. Sasa tuangalie shukrani zilivyogawanywa. Mwalimu, Miss Riley, anapewa roketi nzima: ile ya mwisho, iliyo bora kuliko zote, inabeba jina lake. Baba anapewa upatanisho. Wernher von Braun, mtaalamu mkubwa wa roketi, anapewa nafasi ya kumshika kijana mkono. Bykovsky anapewa kaburi. Bolden anapewa kazi ya usiku mmoja, kisha kamera inamwacha.

Sisemi filamu imewaficha. Imewaonyesha, na ndiyo maana inaniuma. Imeona kabisa kwamba bila mikono ile hakuna kilichoruka, halafu ikaendelea na safari kama abiria aliyeshushwa nyumbani akasahau kumlipa dereva.

Jirani yetu Malawi kuna hadithi inayofanana. William Kamkwamba, wa Wimbe wilayani Kasungu, aliacha sekondari kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Akasoma vitabu vya maktaba ya shule ya msingi, akajenga kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki. Mwaka 2007 alisimama jukwaani Arusha, kwenye mkutano wa TED, akausimulia ulimwengu. Kitabu kikafuata mwaka 2009, na filamu ya Chiwetel Ejiofor mwaka 2019, ambamo kijana Mkenya, Maxwell Simba, anaigiza kama William.

Filamu hiyo imebadilisha jambo. Kwenye kitabu, kinu cha kwanza kiliwasha taa. Pampu ya maji ilikuja baadaye. Kwenye filamu, kinu kinavuta maji na kuokoa shamba palepale, ili kijana awe mkombozi kabla taa za ukumbini hazijawashwa. Lakini kuna onyesho moja ambalo October Sky haina mfano wake. William anahitaji baiskeli ya baba yake. Ni baiskeli nzima, inayotembea, tena ndiyo chombo pekee cha familia. Baba anakataa kwa hasira, na hasira yake ina haki. Hapo filamu inauliza swali zito: nani ameamua kwamba kitu hiki ni chakavu? Kila kipande tunachokiokota kilikuwa na mwenyewe, na mara nyingine bado anaye.

Swali hilo nilikutana nalo Hanang kabla sijaiona filamu yoyote kati ya hizi mbili.

Tulipokuwa kidato cha tatu, watatu sisi tuliamua kupeleka roketi kwenye maonyesho ya sayansi ya shule za sekondari. Ilikuwa roketi ya maji. Chupa ya lita moja na nusu, maji theluthi moja, kizibo cha mpira kilichokatwa kwenye ndala iliyochoka, na katikati ya kizibo valvu iliyotolewa kwenye tyubu ya baiskeli. Unageuza chupa kichwa chini, unajaza hewa kwa pampu. Mgandamizo ukishinda kizibo, maji yanasukumwa chini na chupa inasukumwa juu. Mapezi tulikata kwenye mfuniko wa ndoo. Jukwaa lilikuwa spoki tatu zilizochomekwa kwenye ubao. Hatukununua kitu.

Iliruka. Tatizo, ilipofika juu ya paa la darasa ilikuwa inapiga sarakasi, kisha ikaanguka kwa ubavu. Tukaongeza mapezi. Ikapiga sarakasi zaidi.

Siku ya mnada tuliipeleka kwa mhunzi mmoja aliyekuwa anakaa pembeni, mbali kidogo na ng'ombe na nguo za mitumba, chini ya kibanda cha mabati. Tulitaka atutobolee tundu la valvu vizuri zaidi, basi. Alikuwa wa ukoo wa Gidang'odiga, wahunzi wa Wadatoga. Watu hawa huyeyusha kufuli na koki za shaba wakatengeneza bangili, na misumari na springi wakafua mikuki na vyembe vya mishale. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, upande wa Mbulu, hupata kwao vyembe kwa kubadilishana na asali. Kila mtu anawahitaji. Hata hivyo, kwa mila ya Wadatoga wenzao, hawaolewi wala hawaoi nje ya ukoo wao, na wengine hawali nyumbani kwao. Mwenzetu mmoja, Mbarbaig, alibaki nje juani siku ile. Mimi ni Mwiraqw, nikaingia, lakini sitajisifu kwa hilo. Niliingia kwa sababu nilikuwa na shida.

Fuawe lake lilikuwa bapa la diski ya jembe la trekta. Hanang chuma cha aina hiyo kina historia. Kuanzia miaka ya 1970 NAFCO, kwa msaada wa Canada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano kwenye nyanda za Basotu, na Wabarbaig wakapoteza malisho yao mazuri kuliko yote. Walikwenda hadi mahakamani. Mashine zikaja kwa ajili ya ngano, mashine zikazeeka, na diski moja ikaishia kugeuzwa fuawe chini ya nyundo ya mtu ambaye huenda baba yake alichunga pale lilipopita jembe. Sikuyawaza haya wakati ule. Niliona tu chuma.

"Shikamoo mzee," tulimwambia, tukamweleza.

Alitoboa tundu. Kisha akaichukua chupa, akailaza juu ya kidole kimoja, akaisogeza mbele na nyuma mpaka ikatulia. Akacheka.

"Huu mshale hauna chembe," alisema. "Nyuma mmeweka manyoya mengi, mbele hakuna kitu. Wekeni uzito mbele."

Akachukua vipande vya shaba vilivyobaki kwenye chungu chake, kufuli iliyokwishavunjwa, akavukuta moto kwa viriba vyake vya ngozi, akamimina tone kubwa kama kokwa la embe dogo. Alipopoa tulimfunga puani mwa chupa, ndani ya kofia ya plastiki. Tukajaribu nyuma ya kibanda. Ilipanda ikiwa imenyooka kama imepigwa rula.

Leo naweza kueleza kwa lugha ya darasani: kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya mahali ambapo nguvu ya upepo hukusanyika, vinginevyo chombo kinageuka. Yeye alilijua hilo kidoleni. Wale vijana wa Coalwood walilitafuta vitabuni kwa jasho.

Tulimuuliza bei. Akasema tumletee kufuli mbili mbovu, mnada ujao.

Kwenye maonyesho tulishika nafasi ya pili. Mzee mmoja wa jopo aliinua roketi yetu, akaibonyeza puani, akauliza, "Na huu uzito wa mbele, wazo la nani?"

Nikajibu, "Tulisoma kitabuni."

Wenzangu hawakunisahihisha. Nimejiuliza sana kwa nini nilisema vile, kwa sababu hakuna kanuni iliyotukataza kusaidiwa. Nadhani nilikuwa nimeshazisikia hadithi za kutosha, magazetini na redioni, za kijana aliyeunda redio au helikopta kwa vyuma chakavu bila kufundishwa na mtu. "Bila msaada wowote": ndiyo sentensi iliyokuwa inawapandisha vijana jukwaani. Hadithi ilikuwa tayari, imebakiza nafasi moja ya kijana, na haikuwa na nafasi ya mzee mwenye viriba ambaye hata ndugu zake hawali kwake. Kitabu kilikuwa jibu safi. Kitabu hakidai kufuli.

Kuna atakayenijibu kwamba filamu ya saa mbili haiwezi kumbeba kila mtu, na hadithi lazima iwe na mtu mmoja wa kumfuata. Nakubali. Lakini October Sky haikukosa nafasi. Ilikuwa na roketi moja ya mwisho isiyo na jina na ikachagua. Ingeweza kumweka Bolden kwenye umati siku ile ya kurusha, karibu vya kutosha tumwone anaangalia nini wakati wengine wanaangalia juu. Natamani nimwone anaitazama nozeli yake.

Tena filamu yenyewe inajua namna ya kufanya. Ngoja hadithi iishe, usizime. Yanaanza kupanda majina: seremala, fundi umeme, mshona nguo, dereva. Waliopigilia msumari kwenye jukwaa la kuigizia wanatajwa kwa jina na kazi yao. Tasnia nzima imekubaliana kwamba hiyo ni haki yao, si hisani. Ila wakati huo wengi tumeshainuka.

Mimi orodha yangu ina pengo. Nimeandika hapa "mhunzi mmoja", na msomaji anaweza kudhani namstahi kwa kutomtaja. Sivyo. Sikumuuliza jina. Nililijua jina la Sputnik na la von Braun, nililijua jina la mgeni rasmi wa maonyesho, na mtu aliyeinyoosha roketi yetu sikumuuliza anaitwa nani. Mnada uliofuata tulikuwa na mitihani. Uliofuata tena tulisahau. Kufuli mbili mbovu hazikuwa kitu cha shida. Nyumbani kwetu zilikuwepo tatu, kwenye kopo chini ya kitanda.