Soko la Santa Fe, Muuzaji Ndiye Fundi

Kila Agosti, uwanja wa katikati ya mji wa Santa Fe, New Mexico, hujaa vibanda vya turubai, na wasanii wa makabila asilia ya Marekani huuza humo kazi zao wenyewe. Soko hili lilianza mwaka 1922. Nalipongeza hasa kwa jambo moja: anayekupokea mezani ndiye aliyekitengeneza kitu. Dalali hana nafasi.

Chukua chungu cheusi cha San Ildefonso, kijiji cha Wapueblo huko New Mexico, ufundi uliovuma kwa mikono ya mfinyanzi Maria Martinez. Hakifinyangwi kwa gurudumu. Mfinyanzi husokota udongo kama kamba, akaupandisha duara juu ya duara, kisha akausugua kwa jiwe laini mpaka ung'ae. Kinapochomwa, moto hufunikwa kwa samadi ya unga, na moshi uliozuiliwa humo ndio unaokitia weusi. Kikipasuka, kazi yote imekwenda.

Mteja anayeyasikia haya kutoka kwa mfinyanzi mwenyewe haoni tena bei kuwa kali. Na fundi, jambo linalonifurahisha zaidi, hupokea malipo yake mkononi, pamoja na sifa zake.