Somo Lisilo na Pointi

Sheria nambari 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, ile ya masomo ya taifa, inasema waziwazi: lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kwa kufundisha, na zifundishwe pia kama somo. Maneno mazuri. Lakini sisi walimu wa sekondari tunajua kwamba somo la lazima, mbele ya mwanafunzi, ni lile lenye pointi. Siku ya lugha ku Exetat wanaulizwa Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili hapana. Kibangubangu, usiulize.

Na huku ni Maniema! Kiswahili kilifika kwetu pamoja na wafanyabiashara wa karne ya 19. Kasongo, mji wa Tippu Tip, ikawa kiti chake, na toka huku kikashuka na mto Lualaba mpaka Kisangani. Leo mtoto wa Salamabila anaongea Kibangubangu na mama yake, Kiswahili ku soko na ku machimbo ya zahabu, kisha anaingia darasani kujifunza uraia na adabu kwa Kifaransa. Somo hilo ni la lazima, na mimi siko na ubishi nalo. Ila tuangalie linavyopita: mwalimu anaandika maana ya heshima ku ubao, watoto wanakopi, wanakariri, wanapata 8 juu ya 10. Wakiulizwa kwa lugha yao namna ya kumsalimia mkwe, wote wanaamka, wanabishana, mmoja anasema kwao hawafanyi vile. Na kengele inalia.

Wazazi wengi watapinga: bila Kifaransa mtoto atapata kazi wapi? Ni kweli, na hakuna anayetaka kiondoke. Kenya nayo haikuondoa Kiingereza mwaka 1985 ilipokifanya Kiswahili somo la lazima lenye mtihani.

Ugumu wenyewe ni huu: Kiswahili gani? Kile cha Unguja kinasema "nyumbani", sisi tunasema "ku nyumba". Nikimhesabia mtoto kosa kwa maneno ya babu yake, nimemfundisha nini? Kwa maoni yangu, tuanze na hadithi na vitendawili ambavyo wanafunzi wenyewe watakusanya kwa wazee na kuandika ku daftari, vile wazee wanavyosema. Kiswahili cha vitabu kifuate nyuma, darasa la juu. Na karatasi zisahihishwe na walimu wa huku huku, wanaojua kwamba "ku nyumba" si kosa.